Sababu Hutangulia

Ukiongea kwa simu ya setilaiti na ndugu aliye machimboni Shabunda, mazungumzo yana desturi yake: unasema, unanyamaza, unangoja, ndipo jibu linafika. Asiyezoea hurudia "allo, allo" na sauti zikagongana. Hapa Nyawera, Bukavu, wengi husema mtandao ni mbovu. Lakini setilaiti hiyo ikiwa ya zile zinazokaa mahali pamoja juu ya ikweta, iko karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Neno lako linapanda na kushuka kwa mwendo wa mwanga, kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, na linatumia robo sekunde. Jibu nalo linataka robo yake. Fundi hata aongeze nguvu za mtambo, muda huo haupungui, kwa kuwa neno haliwezi kuupita mwanga.

Toleo hili linauliza: kwa nini hakuna kinachoupita mwanga? Shuleni tulipewa namba ya mwendo wake, tukaikariri, tukafaulu mtihani. Sababu hatukupewa, na fizikia isiyo na sababu haimfundishi mtoto kufikiri.

Jibu la kwanza linatoka maabara. Mwaka 1964, William Bertozzi wa MIT, Marekani, alizisukuma elektroni kwa nishati kubwa zaidi na zaidi, akapima muda wa kukata mita 8.4. Kwa hesabu za Newton, zote zingeupita mwanga. Hakuna iliyoupita. Nishati iliongezwa mara 30, mwendo ukaukaribia ule wa mwanga, ukagota hapo. Na nishati haikupotea njiani: kipande cha alumini kilichogongwa na elektroni kilipata joto lile lile lililotarajiwa. Kuufikia mwanga kabisa kungedai nishati isiyo na mwisho.

Jibu la pili ni zito zaidi. Einstein alionyesha mwaka 1905 kwamba mwendo wa mwanga ni ule ule kwa kila anayeupima, na kwamba watu wanaopishana kwa mwendo hawapimi muda sawasawa. Sasa tuseme mtu wa Nyawera anatuma pesa Goma kwa njia inayoupita mwanga. Angekuwako msafiri ambaye, kwa saa yake iliyo sahihi, pesa zimepokelewa kabla hazijatumwa. Mpokeaji naye, kwa njia kama hiyo, angeweza kumzuia mtumaji asitume. Kikomo hiki basi ndicho kinachofanya sababu itangulie tokeo lake kwa kila mtu, popote alipo.

Kikomo hiki kiliwahi kutiliwa shaka. Septemba 2011, watafiti wa jaribio liitwalo OPERA walitangaza kwamba nyutrino, chembe ndogo mno, zilizotoka maabara ya CERN hadi Gran Sasso, Italia, kilomita 730 hivi, zilionekana kuutangulia mwanga kwa sehemu 60 za bilioni za sekunde. Hawakushangilia, waliwaomba wenzao ulimwenguni wawakosoe. Mwaka 2012 ikabainika kebo moja haikukazwa vizuri. Sheria ilisimama, na kosa likajulikana kwa sababu kazi yao ilichunguzwa.

Walimu wa fizikia wa Bukavu, tunawaomba jambo moja: mkiandika 300,000 ubaoni, andikeni na sababu yake. Nanyi wanafunzi, msikubali namba ambayo hamjaiulizia kwa nini.

Mhariri