Hesabu ya Siku Mia

Sisi tulio Bunia, mashariki mwa Kongo, tuliifuata kesi ile kwa runinga: gereza la Makala mjini Kinshasa limegeuzwa korti, na jaji wa kwanza, Raphaël Yanyi, akafariki dunia kabla ya kuimaliza. Tarehe 20 Juni 2020 Vital Kamerhe, mkuu wa ofisi ya Rais Tshisekedi, alihukumiwa miaka 20 ya kazi ngumu pamoja na Jammal Samih, tajiri wa Kilebanoni, kwa kufuja takriban dola milioni 50 zilizokusudiwa nyumba za kuunganishwa za mpango wa rais wa Siku Mia. Rufani ikampunguzia Kamerhe hadi miaka 13. Desemba 2021 akaachiwa kwa muda. Juni 2022, kesi iliporudiwa, Mahakama ya Rufani ya Gombe ikamtangaza hana hatia. Na Machi 2023 akakabidhiwa wizara ya uchumi, akiwa naibu waziri mkuu.

Wengi huku mashariki, ambako Kamerhe ni mtu wa nyumbani, hushikilia kwamba gereza lilikuwa hila ya kuyavunja mapatano yake na Tshisekedi ya Nairobi ya Novemba 2018, yaliyompa zamu ya kugombea urais mwaka 2023. Dhana hiyo si ya kupuuzwa. Lakini ikiwa ni kweli, wa kulaumiwa ni waliomfunga, wala si jaji aliyemfungua. Kwani hakimu anayeona ushahidi haukutimia, kisha akaogopa kuachia, huyo ndiye dhalimu. Lalamiko langu ni jingine: hukumu ya kwanza ilimshika mtu, ya mwisho ikamwachia mtu, na amana ya raia haikupata mahakama yake.

Nayo haki hii ya kurudiwa kesi, yenye mawakili na ngazi za rufani, si ya kila mahabusu. Tangu Mei 2021, mkoa wetu ulipowekwa chini ya utawala wa kijeshi na jinai za raia kupelekwa mahakama za kijeshi, gereza la Bunia limefurika kupita kadiri yake, na wamo ndani yake wanaosubiri kusikilizwa tu, achilia mbali kuachiwa.

Pembeni mwa mji, katika kambi ya Kigonze, waliokimbia mapigano ya Djugu hulala chini ya maturubai. Ukiwatajia nyumba za kuunganishwa, watakuuliza kwanza zimefika wapi.