GEJI INAPODANGANYA

Katika mtaa wa Hai Jalaba, mjini Juba, gari la kazi ni shamba la mwenyewe: ndilo linalolisha nyumba na kulipa karo. Njia yake kuu ni barabara ya kwenda Nimule, mpakani mwa Uganda, yenye urefu wa kilomita 192 na iliyokamilika kutiwa lami mwaka 2012. Injini ikiungua katika njia hiyo, nyumba nzima hulala njaa.

Injini huweza kuungua huku mshale wa geji ya joto ukionyesha baridi. Katika magari mengi, geji hupata habari kutoka kwenye kifaa kidogo kilichofungwa penye maji ya injini. Maji yakipata moto, kifaa hupitisha umeme mwingi zaidi na mshale hupanda. Waya wake ukikatika, umeme haupiti, na mshale hulala hata kama maji yanatokota.

Kabla ya kununua geji mpya, yafaa kwanza kuuliza: imeharibika moja, au zote? Ni nadra geji zote kufa siku moja. Zikipotea pamoja, kosa hutafutwa mahali zinapokutana: kwenye fyuzi, au kwenye waya wa ethi uliofungwa katika bodi ya gari. Mishale ikichezacheza kila taa inapowashwa, ethi ndiyo ishukiwe. Waya huo ufunguliwe, kutu ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, kisha ukazwe.

Ikiwa ni geji ya joto pekee, katika gari la zamani swichi ifunguliwe, waya uchomolewe kwenye kifaa na kuguswishwa mara moja tu kwenye chuma cha injini. Mshale ukipanda, geji na waya ni vizima. Kifaa ndicho kibovu. Usipopanda, waya umekatika au geji imekufa. Magari ya kisasa yenye kompyuta yasijaribiwe hivyo. Yapimwe kwa mita.

Betri nayo isisahauliwe. Betri nzima ya volti 12, ikiwa imejaa na imetulia, huonyesha karibu 12.6, injini ikinguruma, mita ifike karibu 14. Isipopanda, mkanda na alteneta vikaguliwe. Na fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zile zile. Anayeziba nafasi yake kwa kipande cha waya huondoa mlinzi, na moto wa nyaya hauchagui cha kuteketeza.

Hata geji ikiwa nzima, dereva mwangalifu hutazama maji kila asubuhi, injini ikiwa bado baridi. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kamwe injini ikiwa moto, kwani mvuke wake huunguza uso kabla mkono haujaondoka.