Mnunuzi analipia tangazo, nani analipanga?

Mfanyabiashara wa Wampembe anapochukua katoni ya sabuni mjini Sumbawanga na kuiteremsha hadi Ziwa Tanganyika, bei yake ina gharama ya kiwanda, nauli na matangazo. Nauli anaijua, kwani hubishana na dereva kila safari. Gharama ya matangazo haioni, wala hakuna anayemuuliza juu yake. Hata hivyo ndiye anayeilipa, yeye pamoja na mvuvi wa migebuka anayenunua kipande kimoja.

Ni haki basi kuuliza ni akina nani wanaoketi mezani kupanga matangazo hayo. Sehemu kubwa ya biashara hii duniani imo mikononi mwa makampuni machache ya nchi tajiri, na uongozi wao wa juu kwa miaka mingi umekuwa wa Wazungu.

Afrika Mashariki mfano ulio wazi ni Scangroup ya Nairobi. Hisa zake ziliingia sokoni mwaka 2006, na mwaka 2013 WPP ya London ilikubaliana kuchukua sehemu kubwa ya hisa hizo. Mwanzilishi wake, Bharat Thakrar, Mkenya mwenye asili ya Asia, aliiongoza hadi mwaka 2021. Patricia Ithau, Mkenya mweusi, alishika usukani mwaka 2022, miaka 16 baada ya kampuni kuingia sokoni. Mwanzilishi kuongoza kampuni aliyoijenga si kosa. Lakini wateja wa eneo hili karibu wote ni weusi, na muda huo ni mrefu.

Wapo wanaosema sabuni haina rangi. Hesabu zinawapinga. Septemba 2020, maduka ya Clicks ya Afrika Kusini yalitoa tangazo lililoziita nywele za mwanamke mweusi kavu na zilizoharibika, na za mwanamke mweupe za kawaida. Watu waliandamana, maduka yakafungwa, na bidhaa za TRESemmé za Unilever zikaondolewa madukani kwa siku 10. Miaka mitatu kabla, Dove, ambayo pia ni ya Unilever, iliomba radhi kwa tangazo la mwanamke mweusi anayevua fulana na kutokea mweupe. Mezani kungekuwa na wanawake weusi wenye sauti, matangazo hayo yasingetoka ofisini.

Tanzania sura za kwenye matangazo ni nyeusi, lakini rangi peke yake haitoshi. Jicho linalopanga ni la Dar es Salaam. Promosheni nyingi huwekwa mwisho wa mwezi, mishahara inapotoka. Wampembe mwisho wa mwezi si kitu. Fedha huonekana usiku wa giza, dagaa wanapofuata taa, na kule juu Ufipa baada ya mavuno ya mahindi. Tangazo linalokuja mwezi ukiwa mpevu ni fedha iliyotupwa ziwani.

Mwenye hisa chache katika kampuni iliyo Soko la Hisa la Dar es Salaam ana haki ya kuuliza katika mkutano mkuu wa mwaka: matangazo yamegharimu kiasi gani, kazi amepewa nani, na kati ya waliopanga ni wangapi wanaomfahamu mnunuzi? Mwenye duka naye amuulize wakala anayemletea mzigo. Fedha ni zao.