Idd Ijayo, Mvulana Naye Apewe Mwanasesere

Ndugu zangu wa Mji wa Kale na kisiwa kizima cha Mombasa,

Idd ikikaribia, ingia duka la vitu vya kuchezea hapa kisiwani usikilize. Muuzaji haulizi mtoto anapenda nini. Huuliza kama ni wa kike au wa kiume, na hapo biashara imekwisha. Wa kiume hununuliwa bunduki ya plastiki au gari. Wa kike hununuliwa mwanasesere, vikombe vya chai na jiko dogo. Sikukuu ifikapo, wanakutana Makadara kwenye bembea: wavulana wanalengana risasi, wasichana wanabembeleza watoto wa bandia, nasi wazazi twaona hayo ndiyo maumbile.

Ombi langu kwenu ni moja. Kuanzia Idd ijayo, tuwaachie wavulana wapakate, walishe, waoshe na wapike katika michezo yao, na asiwepo mtu mzima wa kuwacheka wala kuwanyang'anya. Msichana naye akitaka gari au nyundo, apewe.

Mchezo ndio darasa la kwanza. Anayemlisha mwanasesere huanza kuwaza mambo ya mtu mwingine: ana njaa? ana usingizi? mbona analia? Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Uingereza, walitoa matokeo ya uchunguzi wa bongo za watoto 33 wa miaka 4 hadi 8 wakiwa mchezoni. Mtoto alipocheza peke yake na wanasesere, sehemu ya ubongo inayohusika na kuwaelewa wenzake ilifanya kazi zaidi kuliko alipocheza peke yake kwenye tabuleti. Wavulana na wasichana walikuwa sawa. Utafiti huo ulifadhiliwa na Mattel, watengenezaji wa Barbie, kwa hivyo tuupokee kwa tahadhari. Lakini aliyewahi kumwona mtoto wa kiume wa Kibokoni akimfunika paka kwa leso ya mamake hatashangazwa nao.

Nasi Pwani tuna haja yetu. Akina mama wengi wako Saudia na nchi nyingine za Ghuba kwa kazi za nyumbani, wakilea watoto wa watu. Wa kwao wamewaacha kwa nyanya, na wengine kwa baba. Baba huyo ndiye wa kukoroga uji, kumsuka binti yake nywele au kumtafutia wa kumsuka, na kukesha naye akipata homa. Alijifunza lini? Utotoni kila aliposogea jikoni aliambiwa, "Toka, wacha mambo ya kike." Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake, na kinasema jukumu la baba na la mama ni sawa. Sheria imemkabidhi mwanamume kazi ambayo sisi wenyewe tulimkataza kuizoea.

Tusisingizie mila. Harusini kwetu, ni nani hukesha uani na masufuria ya pilau na biriani? Wanaume. Nenda Biashara Street uone mafundi wa kiume kwenye vyerehani, wakipinda leso na kushona madera. Rangi ya waridi tunayomkataza mvulana, babu yake huivaa kwenye kikoi na hakuna anayegeuka kumtazama. Na kabla ya vitu vya kuchezea kutujia ndani ya maboksi yenye rangi ya kike na ya kiume, watoto walipika mchanga kwenye vifuu vya nazi, dada na kaka pamoja, na aliyekuwa baba wa mchezo alikula na kusifu mapishi.

Wala tusisingizie dini. Najua hofu iliyopo: mvulana akishika mwanasesere atalegea. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, aliswali akiwa amembeba mjukuu wake Umama, mtoto wa kike, akimweka chini anaposujudu na kumbeba tena anaposimama. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume hufanya nini nyumbani, alijibu kuwa huwahudumia watu wa nyumbani kwake. Na Al-Aqra bin Habis alipojigamba kuwa ana watoto kumi na hajawahi kumbusu hata mmoja, Mtume alimjibu kuwa asiyehurumia hahurumiwi. Mvulana anayembembeleza mtoto wa bandia anaiga sunna hiyo kabla hajaijua.

Basi tugawane kazi. Wazazi, wajomba na mashangazi: mkienda kununua zawadi, ya Idd au ya Krismasi, muulizeni mtoto mwenyewe, na bunduki ziachwe dukani. Wenye maduka: changanyeni vitu vyenu kwenye rafu moja, na swali la kike au kiume mlifute. Mafundi wa Biashara Street: vipande vya vitambaa mnavyofagia jioni vihifadhini, tuvichukue, tushone wanasesere wa matambara tuwagawie watoto wa vyuo vya Kurani na wa chekechea. Walimu wa PP1 na PP2: kona ya jikoni na ya wanasesere iwe ya zamu, kila mtoto aingie. Maimamu na mapadri: tunaomba hotuba moja juu ya baba mlezi. Katiba imeziachia kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto; wawakilishi wetu katika Bunge la Kaunti ya Mombasa wakija kuomba kura, tuwaulize vituo hivyo vina vitu gani vya kuchezea, na nani anaruhusiwa kuvishika.

Nanyi mnaokaa barazani jioni, kazi yenu haina gharama. Mvulana akipita na mwanasesere mkononi, msimwite jina. Muulizeni: mtoto wako amekula?

Wavulana hawa ndio watakaokuja kuposa binti zetu. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Tukitaka waiweze kazi hiyo, tuwaachie waicheze sasa.