Tuondoe Kinachotushughulisha

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.



Mwaka huu kijana mmoja wa chuo chetu, aliyekwisha kuhifadhi Juzuu Amma yote, alikaa mbele yangu kunisomea Surat An-Naba. Sura hiyo ina aya 40. Alipofika katikati alikwama, akarudi mwanzo, akakwama tena. Nikamwuliza anadurusu wakati gani. Akajibu, "Baina ya Magharibi na Isha, ustadh." Wapi? "Sebuleni." Na sebuleni kuna nini? Televisheni imewashwa, baba anasoma ujumbe kwenye simu, kaka anacheza mchezo kwenye simu nyingine, na yeye mwenyewe yake iko mfukoni.

Nilitaka kumkaripia, lakini nikakumbuka yaliyonipata usiku wa jana yake. Nilifungua msahafu baada ya Magharibi, simu ikalia, nikajibu, kisha nikatazama hili na lile. Adhana ya Isha ikanikuta katika ukurasa ule ule. Basi ulimi wangu ukawa mzito, maana maalim na mwanafunzi wote tulikuwa wagonjwa wa maradhi mamoja.

Ndugu zangu, Bi Aisha (R.A.) amepokea hadithi, nayo imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alisali akiwa amevaa khamisa, yaani nguo yenye nakshi. Jicho lake likaangukia nakshi ile mara moja. Alipomaliza sala aliamuru nguo ile ipelekwe kwa Abu Jahm, na aletewe nguo nyingine ya Abu Jahm isiyo na nakshi, kwa kuwa ile ilimshughulisha katika sala yake.

Tuzingatie. Nguo ile ilikuwa halali, na aliyeivaa ndiye mwenye moyo safi kuliko sisi sote. Hata hivyo hakusema, "Nitajikaza nisiitazame." Aliiondoa. Sisi wenye nyoyo dhaifu ndio tunaosema, "Mimi simu hainisumbui," nayo iko mkononi hata wakati imamu anakaribia kuhirimia sala.

Wako watakaosema kwamba simu ina faida: ndani yake mna Qur'ani, mna masomo, na kwayo tunawajulia hali jamaa walio mbali. Ni kweli, wala sisemi simu ni haramu. Lakini kitu kuwa halali si sababu ya kukaa nacho kila saa. Hata chakula, tumefundishwa kwamba kikishaandaliwa na sala ikakimiwa, tuanze kula, ili moyo usisimame katika sala huku unawaza sahani.

Rai yangu ni hii. Magharibi hadi Isha, katika kila nyumba, televisheni izimwe na simu zote zifungiwe kabatini, kuanzia ya baba na ya mama. Mtoto asome msahafu wa karatasi, na awe na kazi moja tu mbele yake. Muda huo ni saa moja na dakika chache. Kwa siku 30 ni zaidi ya saa 30. Sahaba walikuwa wakijifunza aya 10, hawazivuki mpaka wazijue na wazifanyie kazi. Anayedurusu kidogo kwa moyo uliotulia atamshinda anayesoma kingi huku macho yako kwingine.

Na wazazi wasisahau funzo la pili katika hadithi ile. Mtume (S.A.W.) alipoirudisha zawadi ya Abu Jahm aliomba nguo nyingine kutoka kwake, asije akavunjika moyo. Basi tusimpokonye mtoto simu kwa matusi, kisha tukamwacha peke yake na msahafu. Tukae naye, tumsikilize.

Yule kijana nimempa Surat An-Naba upya, na simu yangu nimeanza kuiacha chumbani kila Magharibi. Bado mkono unaitafuta. Tuombeane dua, Mwenyezi Mungu atujaalie nyoyo zenye utulivu. Amin.

Wabillahi tawfiq.