Mkono wa mtoto nao huchoka

Maembe yakianza kuiva Mazimbu, watoto hurusha mawe tangu wanapotoka shule hadi giza linapoingia. Wakichoka na maembe wanahamia kwenye rede. Usiku mmoja wao analalamika kiwiko kinauma, anapakwa dawa ya kuchua, na kesho yake yuko chini ya mwembe tena.

Wapo ambao kurusha ndiyo ajira yao. Mwaka 2022 Mganda Ben Serunkuma, mrushaji wa besiboli, alisaini mkataba na Los Angeles Dodgers ya Marekani pamoja na mwenzake Umar Male. Miaka 10 kabla yao, watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, yale ya Little League. Mrushaji ndiye anayemtupia mpira mpinzani mwenye gongo, kwa nguvu, tena na tena.

Klabu iliyomsajili Serunkuma inaijua kazi hiyo. Mwaka 1974 mrushaji wake, Tommy John, alichanika ligamenti ya kiwiko cha kushoto, yaani utepe unaoshikilia mifupa. Daktari Frank Jobe alichukua kano kwenye mkono wa kulia, akaipandikiza kwenye kiwiko hicho. John alikosa msimu mzima wa 1975, akarudi 1976 na kucheza hadi 1989, akiwa na miaka 46! Upasuaji huo unaitwa kwa jina lake hadi leo.

Huyo alikuwa mtu mzima. Mifupa ya mtoto bado inarefuka, na panaporefukia, kwenye bega na kiwiko, ni gegedu laini inayoumia kirahisi. Ndiyo maana Little League huhesabu mirusho: mtoto wa miaka 9 au 10 hazidishi 75 kwa siku, wa 11 au 12 hazidishi 85. Akifikisha 66, anapumzika siku 4. Chini ya mwembe nani anahesabu?

Mzazi, mtoto akilalamika kiwiko au bega, asirushe chochote mpaka maumivu yaishe kabisa. Pakivimba, au akishindwa kunyoosha mkono, usimpeleke kuchuliwa. Mpeleke hospitali akapigwe eksirei. Na aliyeangukia mkono kutoka juu ya mwembe asisubiri kukuche.