Bibi abandike wapi stika?

Makamanda, mimi ni mtoto wa Kidatu na leo naandika kwa hasira.

Msimu wa miwa, giza likiingia, trekta linavuta matela mawili. Taa ya nyuma hakuna, riflekta hakuna. Nyuma yake boda kapakia mama na mtoto, kofia ngumu anayo dereva peke yake. Pembeni bibi kajitwisha kuni. Mwaka juzi rafiki yangu aliingia chini ya tela la namna hiyo. Mguu ukakatwa. Ana miaka 24.

Na hapa ndipo penye bwawa na mitambo ya megawati 204! Umeme unakwenda kwa wenzetu, sisi tela linatupitia gizani.

Serikali ya CCM inatuletea Wiki ya Nenda kwa Usalama. Hotuba, fulana, stika za kubandika kwenye kioo cha gari. Sasa yule bibi abandike wapi?

Ukiwabana wanakwambia "uzembe wa madereva". Sawa, wazembe wapo, na sisi wa boda tusijifiche. Lakini tuta mbele ya shule haliwekwi na dereva. Januari 2016 kivuko kilizama Mto Kilombero, daraja likiwa bado linajengwa. Kusubiri tumekuzoea mno.

Tunataka riflekta kwenye kila tela kabla msimu haujaanza, tuta kila shule, na kofia ya abiria kila boda. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, twendeni wote, wazee tuwabebe. Mimi nitauliza la stika.